Ukiwa unangoja gemu ambayo watengenezaji wake wamenyamaza

Februari 2019, studio ya Team Cherry walipotoa trela ya kwanza ya Hollow Knight: Silksong, mwendelezo wa gemu yao Hollow Knight, nilinunua daftari. Lilikuwa la kurasa mia moja na kazi yake ilikuwa moja tu: kuandika kila nilichokiona kwenye trela na kila nilichodhani kina maana. Niliisimamisha video kila sekunde. Nilichora maadui mmoja mmoja, nikayapa maeneo majina yangu mwenyewe, nikabuni hata mwisho wa hadithi. Miaka ilivyopita nikajaza kurasa arobaini na tatu. Gemu yenyewe ilitoka tarehe 4 Septemba 2025, na saa tatu za kwanza nilizoicheza zilinihuzunisha.

Gemu ni nzuri sana, hilo niliseme mapema. Ila haikufanana na ile ya daftarini. Naona watu wengi sasa hivi wanajaza madaftari yao kwa ajili ya gemu nyingine, wengine kichwani tu bila karatasi, na wanaumia na kukasirika kwa namna ninayoijua vizuri. Hao ndio ninaowaandikia.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi mashabiki wa gemu tumeuamini msemo huo kupita kiasi. Studio ikinyamaza mwaka mmoja, tunasema wanaandaa kitu kikubwa. Ikinyamaza miwili, kitakuwa kikubwa zaidi. Basi kila jambo dogo linageuka ishara. Januari 2025, mmoja wa waanzilishi wa Team Cherry alibadilisha picha ya akaunti yake akaweka keki ya chokoleti, na watu wakakesha wakitafuta asili ya keki ile, wakahesabu tarehe, wakapekua herufi, hadi msemaji wa timu akalazimika kueleza kwamba hakuna fumbo lililofichwa. Nami nilikesha. Ukurasa wa keki upo kwenye daftari langu, na nikiutazama leo naona jinsi nilivyokuwa na kiu ya neno moja tu, neno lolote.

Hebu tulinganishe. Nintendo walitangaza Metroid Prime 4 Juni 2017 kwa nembo peke yake, kisha wakakaa kimya mwaka mmoja na nusu. Ndani ya ukimya ule kazi ilikuwa inakwenda kombo: Januari 2019 walijitokeza wakasema kiwango hakijafikia walichokitaka, na wanaanza upya pamoja na Retro Studios. Valve walitoa Half-Life 2: Episode Two mwaka 2007, wakaiacha hadithi imekatika mahali panapouma, na mwaka 2020 walipokuja na Half-Life: Alyx waliwarudisha wachezaji kwenye matukio yaliyotangulia Half-Life 2. Katikati hapo ni zaidi ya miaka kumi na miwili ya mashabiki kusoma ishara za sehemu ya tatu kila mahali. Na Team Cherry? Tarehe ya Silksong ilipotangazwa Agosti 2025, Ari Gibson na William Pellen walilieleza shirika la habari la Bloomberg kwamba hapakuwa na mgogoro wowote. Walikuwa wanaifurahia kazi, na gemu ikazidi kukua. Ilianza kama nyongeza ya Hollow Knight waliyowaahidi waliochangia fedha za gemu ile ya kwanza, ikaishia kuwa gemu kamili.

Kwa aliyesimama nje, ukimya wa hao watatu ulikuwa ule ule. Ndani, mmoja ulificha kazi iliyoharibika, mmoja ulificha hadithi iliyoachwa pale pale, na mmoja ulificha watu wachache waliokuwa na furaha wakiongeza wadudu na mapango. Hakuna fundi wa kuchambua trela atakayekutofautishia hayo. Ilinichukua miaka sita kulikubali hili, na ndilo ningependa ulichukue kabla ya mengine yote: ukimya wa studio haukuambii chochote kuhusu gemu. Wala habari njema, wala mbaya.

Sasa mtu atauliza, kwa nini wasiseme tu? Wangepungukiwa nini wakitupa picha moja kila mwezi?

Hapo zamani nami niliuliza hivyo, tena kwa hasira. Jibu nililipata kwa rafiki yangu anayefanya kazi ya kujaribu gemu kwenye studio moja. Kazi yake ni kucheza kipande kile kile mara mia na kuandika kinachovunjika. Aliniambia kwamba katika gemu ya mwisho aliyoifanyia kazi, eneo zima alilolipenda, lenye muziki wake na maadui wake, lilitolewa kwa sababu mchezaji akifika pale alikuwa anachoka. Halikuwa na kosa jingine. Kwenye karatasi lilikuwa zuri, mkononi likawa zito. Watu walikuwa wamelifanyia kazi kwa miezi mingi, na hakuna hata shabiki mmoja aliyewahi kulililia, kwa kuwa halikuwahi kuonyeshwa.

Kama lingeonyeshwa? Ahadi ni deni. Trela haisemi “tunajaribu hiki, tuone.” Inasema “hiki kinakuja,” hata kama mtengenezaji hakukusudia hivyo, na sisi tunakiandika kwenye hesabu zetu. No Man's Sky ilipotoka Agosti 2016, wachezaji walichukua mahojiano ya Sean Murray, mkuu wa studio iliyoitengeneza, ya miaka iliyotangulia wakayalinganisha na gemu, jambo moja baada ya jingine, na kila lililokosekana likaitwa uongo. Sitamtetea kwa yote, maana mengine aliyasema kwa uhakika ambao hakupaswa kuwa nao. Lakini tazama studio ile ilifanya nini baadaye: ilinyamaza, ikafanya kazi, ikawa inakuja na masasisho makubwa yaliyokwisha kukamilika, na kuyatangaza siku chache tu kabla au siku ile ile. Wale waliokuwa wameondoka wakiwa na hasira wakaanza kurudi.

Na kazi isiyokamilika ikionekana kwa bahati mbaya, hali huwa mbaya zaidi. Septemba 2022, video zipatazo tisini za Grand Theft Auto VI (GTA VI) zilivuja zikiwa bado kazi ghafi, na haikupita siku watu wakaanza kuzicheka kwamba nyuso hazipendezi na mwanga haujakaa sawa. Ni kama kuingia jikoni nyama haijawekwa chumvi ukatangaza kuwa mpishi hajui kupika. Watengenezaji wa gemu nyingine walianza kuonyesha vipande vya kazi zao wenyewe vikiwa vibichi, ili watu waelewe kuwa gemu zote hupitia sura hiyo. Nawashukuru kwa hilo. Lilinifundisha zaidi ya trela zote nilizozisimamisha.

Usidhani nasema usiri ni haki yao isiyo na mipaka. Ninapokerwa, hukerwa na tangazo la mapema lisilo na kitu ndani. Juni 2018 Bethesda walionyesha The Elder Scrolls VI kwa chini ya dakika moja: milima, ukungu, jina. Gemu yao kubwa ya mchezaji mmoja iliyofuata ilikuwa nyingine kabisa, Starfield, na ilitoka Septemba 2023. Ukimfungulia mtu mlango kisha ukamwacha barazani miaka mitano, hata akiondoka amechukia, sehemu ya lawama ni yako. Na tarehe ikishatajwa hadharani, ikaonekana haitafikiwa, nadhani tunastahili kuambiwa kabla haijapita. Ile video ya Nintendo ya Januari 2019 naihesabu kuwa mfano mzuri kuliko yote niliyoiona: mtu mmoja, maneno ya wazi, kosa limetajwa, hatua imetajwa, kwaheri. Gemu ikatoka Desemba 2025.

Upande wetu sasa, sisi tunaongoja.

Kwanza, tafuta neno la mwisho lililosemwa na watengenezaji wenyewe, liandike pamoja na tarehe yake, kisha simama hapo. Kwa GTA VI, kwa mfano, Rockstar walitaja mwaka 2025, halafu 26 Mei 2026, halafu Novemba 2025 wakaisogeza hadi 19 Novemba 2026. Mstari wa mwisho ndio pekee unaohesabika, nao unaweza kubadilika. Nililipuuza hili na likanigharimu. Juni 2022, Silksong ilionyeshwa kwenye maonyesho ya Xbox, na ikasemwa kwamba gemu zilizoonyeshwa pale zitachezeka ndani ya miezi kumi na miwili. Neno lile halikutoka kwa Team Cherry wenyewe, ila mimi nililipokea kama kiapo. Niliomba likizo. Mei 2023 Matthew Griffin, msemaji wa Team Cherry, akatangaza kwamba bado wanaendelea kuitengeneza na haitatoka nusu ile ya mwaka.

Usiku ule niliandika ujumbe mkali nikautuma. Sitaurudia hapa. Baadaye nilimwonyesha rafiki yangu yule, akausoma kimya, kisha akaniambia kuwa kwenye studio yao kuna mtu ambaye kila asubuhi anasoma ujumbe wa aina hii, wote, na kwamba mtu huyo si aliyepanga tarehe wala aliyeisogeza. Oktoba 2020, Cyberpunk 2077 iliposogezwa mbele kwa wiki tatu, baadhi ya waliokuwa wakiitengeneza walitishiwa kuuawa. Kwa wiki tatu! Maneno yangu hayakufika huko, lakini yalikuwa yameshika njia hiyo hiyo. Ukihisi mkono unakwenda kwenye kitufe cha kutuma, funga simu, ulale. Asubuhi utakuwa na jambo jingine la kusema, au hutakuwa nalo kabisa.

Pili, pesa. Usilipie gemu ambayo hakuna aliyeicheza. Toleo la kupakua haliwezi kuisha dukani. Siku ya kwanza lipo, siku ya kumi lipo. Niliwahi kulipia toleo maalumu la mwendelezo mmoja miezi minane kabla, kwa sababu ya sanamu na ramani ya kitambaa. Sanamu ilifika imevunjika mkono na gemu ilifika haichezeki. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nililishika mwenyewe. Cyberpunk 2077 ilisubiriwa tangu 2012, ikatoka Desemba 2020 na haikumaliza wiki mbili ikaondolewa kwenye duka la PlayStation, ikarudishwa Juni iliyofuata. Wiki moja ya kungoja maoni ya waliocheza ingewaokoa wengi.

Tatu, na hapa najua wengi hawatakubaliana nami: usiirudie gemu ya zamani wiki ya mwisho. Tunadhani tunajiandaa, kumbe tunaikaza mikono. Agosti 2025 nzima niliicheza tena Hollow Knight, usiku na mchana, hadi vidole vikawa vinajua kila bosi, yaani kila adui mkuu. Nikaingia Silksong na vidole vile vile. Hornet, shujaa wa Silksong, akishambulia chini akiwa hewani hushuka kwa mshazari, wala hapigi wima kama yule shujaa wa kwanza. Nilianguka kwenye miiba ile ile mara kumi na nne. Kila nilipoanguka nilisema wameharibu, kumbe trela ya mwaka 2019 ilikuwa imeonyesha mshazari ule wazi kabisa. Niliusimamisha, nikauchora, nikaandika pembeni: “labda watabadilisha.” Niliona nilichotaka kuona.

Niliizima baada ya saa tatu. Nilikaa siku tisa bila kuigusa, huku kila ninayemfahamu akiisifu, na duka la Steam lililoelemewa na wanunuzi siku ya kwanza likiwa limeshatulia. Siku ya kumi nilifanya kitu nilichopaswa kukifanya mwanzo. Nilichukua daftari, nikazibana zile kurasa zilizojaa kwa klipu ili zisifunguke, nikaanza upya kama mtu asiyejua lolote. Niliacha kumpigania Hornet awe mtu mwingine. Nilijifunza mshazari wake. Nilipofika sehemu za juu zaidi za Pharloom, ulimwengu wa gemu hiyo, nikakuta mahali ambapo daftari langu lilikuwa limekosea kabisa, na kilichokuwepo kilikuwa kizuri kuliko nilichobuni, nililia kidogo.

Ukurasa wa arobaini na nne sasa una ramani niliyoichora kwa mkono, ya njia ya chini ambayo bado sijaimaliza. Kuna mlango mmoja nimeuwekea alama ya kuuliza, na leo jioni nitaurudia.