Kifundo Kinachopinduka: Mama Kine, Mtaalamu wa Viungo, Anajibu Barua

*Jambo Mama Kine. Nina miaka 22, nacheza winga wa kulia katika timu ya mtaa hapa Majengo, Goma. Tangu mvua za mwaka jana kifundo changu cha kulia kimeteguka mara nne. Mara ya mwisho sikuguswa na mtu, nilikuwa nateremka barabarani tu. Kinavimba siku tatu, nne, kisha narudi uwanjani. Dada yangu aliye Ubelgiji alinitumia semeli za kukimbilia, zile za kuweka ndani ya kiatu chini ya wayo, zenye nundu kubwa katikati. Nimezivaa mechi mbili, naona mguu unapinduka kuliko zamani. Sasa muuzaji mmoja wa Birere ana semeli za jeli, dola 20, anaapa kwamba zitashika kifundo. Ninunue? Viatu vyangu huisha upande wa nje.*
*Winga wa Majengo*

Mwanangu, hizo dola 20 zikae kwanza mfukoni. Leo usiku, kabla ya kulala, simama kwa mguu mmoja katikati ya godoro lako. Ukianza kuyumba, hiyo ndiyo jeli. Ni nzuri kwa kisigino kinachouma, lakini kifundo chako hakilii maumivu, kinalia kukosa mahali pa kutulia. Tena jeli nene inakiinua kisigino kutoka ndani ya kile kikombe kigumu cha nyuma ya kiatu, na kikombe hicho ndicho kinachokikamata. Utalipa ili kiatu kikuachilie.

Ile sentensi ya mwisho ya barua yako, uliyoiandika kama mtu anayeaga, ndiyo niliyoisoma mara tatu. Viweke viatu mezani, uvitazame kwa nyuma. Vikiwa vimelalia nje, fanya jambo moja zaidi: lowesha wayo, kanyaga kipande cha katoni, kisha utazame alama. Ukiona kisigino huku, vidole kule, na katikati uzi mwembamba tu upande wa nje, basi una wayo wa upinde mrefu, na uzito wako unapitia ukingoni. Semeli za dada yako zilitengenezwa kwa ajili ya mguu unaolalia ndani. Nundu ile inainua upande wa ndani, kwa hiyo wewe uliyekuwa tayari ukingoni unasukumwa ng'ambo. Hukuwa unaota.

Nayajua haya kwa mwili wangu. Nilipokuwa nacheza voleboli, fundi mmoja alinitengenezea semeli bila hata kunivua soksi, akaweka nundu kwa sababu kila mtu aliwekewa nundu. Niliteguka nazo mara mbili. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoingia mjini, nilivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na watu wengine, kifundo cha kushoto kimevimba kama embe, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Semeli niliziacha nyumbani. Nyumba ikaungua nazo, na katika yote tuliyopoteza siku ile, hizo sikuzililia.

Semeli ninayoikata kwa mguu kama wako haina urembo. Toa kwanza ile iliyokuja na kiatu, usiweke moja juu ya nyingine. Chora umbo lake kwenye sponji ngumu ya milimita 3, ile ambayo ukiibonyeza kwa kidole gumba haibaki na shimo. Kisha chukua kambambili ya zamani, ukate ukanda unaoanzia kisigino hadi nyuma kidogo ya kidole cha mwisho, upande wa NJE tu. Unene wake uwe milimita 3 ukingoni, ukipungua mpaka kwisha katikati ya wayo. Ubandike chini ya sponji kwa utepe kwanza, gundi baadaye, maana karibu kila mtu huurekebisha. Sasa ukingo wa nje umeinuliwa kidogo, na uzito unarudi kuelekea kati. Tembea nayo saa moja siku ya kwanza, ongeza polepole, na usiipeleke kwenye mechi kabla ya wiki mbili. Goti likianza kuuma, itoe. Inasaidia wengi wenye wayo wa aina yako, si wote. Na mwenye mguu bapa asiiguse kabisa.

Ukipeleka kazi hiyo kwa fundi wa viatu, kaa hapo hapo mpaka amalize. Wengi wataweka ukanda upande wa ndani kwa mazoea.

Lakini semeli, hata niikate mimi, haifungi kifundo. Iko chini ya mguu, na kilichoharibika kiko juu yake. Upande wa nje wa kifundo una kano tatu. Ile ya mbele, inayounganisha mfupa mwembamba wa nje wa mguu na mfupa wa kifundo, ndiyo hukatika mwanzo mguu unapojikunja kwa ndani. Kano hiyo si kamba tu, ina mishipa ya fahamu inayoupa ubongo habari: mguu umeinama, vuta! Mwingereza mmoja, daktari Freeman, aliandika mwaka 1965 kwamba kifundo kilichoteguka hubaki kama kimepoteza hizo habari. Misuli ya upande wa nje wa muundi inachelewa kuitwa, na inapofika umeshalala chini. Ndiyo maana uliteguka ukiteremka barabarani bila beki yeyote karibu. Mawe yetu ya lava hayangoji ujumbe uliochelewa.

(Zipo semeli zenye vipele vidogo vinavyoamsha ngozi ya wayo. Ukizipata, jaribu. Zinasaidia mguu kuhisi ardhi, hazifanyi zaidi ya hapo.)

Kwa hiyo dola zako nunua shevilyeri, yaani kishikizo cha kifundo, ile ya kufunga kwa kamba, uivae kila mazoezi na kila mechi. Hiyo ndiyo inayopunguza kuteguka tena. Bandeji ya kunata nayo hushika, lakini baada ya nusu saa ya kukimbia na jasho imelegea, na kipindi cha kwanza hakijaisha.

Halafu kazi yenyewe, ya bure. Simama peku kwa mguu wa kulia sekunde 30 ukipiga mswaki. Ukiweza bila kugusa ukuta, funga macho. Kuranti, yaani umeme, ikikatika, macho yamefungwa yenyewe, usingoje irudi. Baadaye simama juu ya blanketi lililokunjwa, halafu rusha mpira ukutani na kuudaka ukiwa hapo hapo. Mara tatu kila mguu, siku tano kwa wiki, wiki nane. Wachezaji huacha wiki ya pili kwa sababu hakuna kinachouma, na ndio hao hao wananirudia mvua zikianza.

Jambo moja silikubali katika barua yako: "siku tatu, nne, kisha narudi". Kikiteguka tena, jaribu hatua nne. Ukishindwa kupiga hatua nne, au ukibonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa unaotokeza pembeni mwa kifundo, wa nje au wa ndani, sentimita 6 za chini, ukaruka kwa maumivu, nenda ukapigwe radio, ile picha ya mifupa. Kanuni hiyo madaktari wa Ottawa, Kanada, waliitoa mwaka 1992 na bado inatumika. Na kama kifundo kinakwama, au kinavimba kila baada ya mechi hata bila kuteguka, muone daktari wa mifupa. Huenda gegedu la ndani limeumia, na hapo hakuna semeli.

*Mama, binti yangu wa miaka 12 anacheza basketi shuleni. Nyayo zake ni bapa. Nimtafutie semeli?*
*Mzazi, Himbi*

Mwambie asimame kwa ncha za vidole. Upinde ukijitokeza, na kama haumwi popote, mwache acheze. Upinde usipojitokeza, au akilalamika maumivu, mlete tumtazame.

*Semeli zangu zinanuka na zimejikunja. Nilizifua vizuri, nikazianika kwenye mawe.*
*Mkimbiaji, Katindo*

Sabuni haina kosa. Jiwe la lava ni jeusi, saa saba mchana linachoma kama sufuria, na sponji ya namna hiyo hujikunja kwa joto. Hizo zimekwenda. Mpya uzianike kivulini, zimeegemea ukuta.