Barua kwa mwanangu kuhusu 4,294,967,297

Newala, Mtwara

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimenifikia, na sisi huku tu wazima. Korosho zimeanza kuanguka na baba yako ametangulia shambani. Umeniuliza kama 4,294,967,297 ni namba tasa, na kama si tasa, watu wa zamani wasio na kompyuta walilijuaje hilo. Swali lako limenifurahisha mno, kwa kuwa katika miaka yote niliyofundisha hesabu sikukutana na namba niliyoipenda kuliko hii.

Si tasa. Namba hiyo ni 2³² ukiongeza 1. Mwaka 1640 mwanahisabati Mfaransa Fermat aliipanga baada ya 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni tasa, akaamini kwamba nayo ni tasa, pamoja na zote zinazoifuata kwa kanuni hiyohiyo, yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea maradufu, kila mara ukiongeza 1. Simlaumu, kwani kuipima kwa mkono kungemlazimu ajaribu namba tasa zote zilizo chini ya kipeuo chake cha pili, nazo ni 6,542.

Euler, mzaliwa wa Uswisi, ndiye aliyeonyesha mwaka 1732 kwamba 641 inaigawanya bila baki. Baadaye alithibitisha kwamba kigawo chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakishe 1. Hapo msitu mzima umefyekwa: katika namba tasa unaanza na 193, kisha 257, 449, 577, na ya tano ndiyo 641.

Ila mimi napenda zaidi njia nyingine, ambayo asubuhi hii nimeiandika kwa chaki kwenye sakafu ya baraza. Namba 641 ina sura mbili: ni 640 na 1, ambapo 640 ni 5 × 2⁷, tena ni 625 na 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Zidisha 640 kwa 640, utapata 409,600, ambayo ukiigawanya kwa 641 inabaki 1. Kwa hiyo hata 640⁴, ambayo ndiyo 5⁴ × 2²⁸, inabakisha 1. Sasa ichukue ile sura ya pili uizidishe kwa 2²⁸. Utapata 5⁴ × 2²⁸ + 2³², na jumla hiyo, kwa kuwa imezaliwa na 641, haibakishi kitu. Sehemu yake ya kwanza tumekwisha kuona kuwa inabakisha 1; basi iweke 1 hiyo mahali pake, na mbele yako itasimama 1 + 2³², namba yako yenyewe, ambayo 641 haina budi kuimaliza.

Kigawo chake cha pili ni 6,700,417, nacho ni tasa, kwa hiyo hakuna namna nyingine ya kuivunja. Chukua kalamu uzidishe 6,700,417 kwa 600, kisha kwa 41, ujumlishe, halafu uniandikie ulichokipata.

Mama yako