Wasomaji wanauliza: Hiyo B kwenye "debt" inafanya nini?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Najifunza Kiingereza na kuna kitu kinanisumbua, mbona "debt", yaani deni, ina B ila hakuna anayeitamka? Halafu rafiki yangu kashikilia kwamba Kiingereza chote kimetoka kwenye Kilatini, ni kweli?

JIBU: Nzuri sana ndugu. Hiyo B ilichomekwa tu. Zamani Waingereza waliandika "dette", wamelitoa kwa Wafaransa, B hakuna, sasa baadaye wasomi wao wakawa wanakihusudu mno Kilatini, wakaona Warumi walikuwa wanasema "debitum", basi wakairudisha B kwenye maandishi ila watu wakaendelea kutamka vilevile kama walivyozoea. "Doubt" nayo ilifanyiwa hivyohivyo kwa sababu ya "dubitare". Hapo angalau ukoo upo kweli. Kinachoniuma mimi ni "island", yaani kisiwa, hili ni neno lao la asili kabisa, liliandikwa "iland", halina undugu wowote na "insula" ya Kilatini, lakini wakaona yanafanana wakachomeka S, na mpaka leo wanafunzi wanakosa alama kwa herufi ambayo haikuwa na haki ya kuwepo.

Kuhusu rafiki yako, hapana. Kiingereza ni ndugu wa Kijerumani na Kiholanzi, maneno kama "water", "house" na "mother" ni ya ukoo huo. Ya Kilatini mengine yaliletwa na kanisa, mengine na wasomi, ila mengi sana yalipitia Kifaransa, ambacho ndicho mtoto wa Kilatini, baada ya William wa Normandy kuiteka Uingereza mwaka 1066. Ndo maana ng'ombe mwenyewe anaitwa "cow", neno la wenyeji, ila nyama yake "beef", ambayo ukiifuata nyuma unakutana na "bos" ya Warumi.

SWALI: Na "salary", yaani mshahara, ni kweli askari wa Kirumi walilipwa chumvi?

JIBU: Neno lenyewe ndiyo, "salarium" limetokana na "sal", chumvi. Ila hiyo ya askari kupewa chumvi badala ya hela haina ushahidi kwenye maandishi ya Warumi wenyewe, walilipwa sarafu. Ukitaka hadithi ya uhakika chukua "candidate", yaani mgombea, kwa Kilatini "candidatus", aliyevaa nyeupe, maana waliogombea vyeo Roma walikuwa wanaing'arisha toga, lile vazi lao la kujifunga mwilini, kwa chaki kabla ya kwenda kuomba kura.