Re: Ripoti zetu za utafiti wa sera hazisomwi, na mfadhili anatubana

Mkuu nimekusoma. Mna kataasisi kenu ka utafiti wa sera, ripoti ya kurasa 80 imelala kwenye droo ya wizara, na sasa mfadhili anataka aipitie inayofuata kabla haijatoka.

Anza na huyo mfadhili, likiharibika hilo mengine yote bure. Mkataba useme wazi matokeo yatatoka hata yakimuuma, yeye atoe maoni tu, na wote wanaowapa hela watajwe hadharani. Mwanasheria ausome kabla ya kusaini, mi nilijifanya najua nikaja kukuta kipengele kinampa mtu haki ya kuzuia ripoti nzima, tulilia.

Kusomwa sasa: kurasa 80 hakuna waziri anasoma. Toeni muhtasari wa kurasa mbili, tena bajeti ikiwa bado inajadiliwa, sio imeshapita. Angalia IFS (Institute for Fiscal Studies) ya Uingereza, taasisi ya utafiti wa kodi na bajeti, wapo tangu 1969, bajeti ikisomwa kesho yake wanatoka na uchambuzi nani anapata nani anaumia, ndo maana serikali na wapinzani wote wanawanukuu.

Halafu wananchi msiwaite siku ya uzinduzi kupiga makofi, waiteni mkiwa bado mnatunga maswali. Dodoso letu moja lilisema "mkuu wa kaya ajibu", basi wanawake wamekaa pembeni kimya, tukarudi na data ya wanaume watupu. Majina ya mnaowahoji yafungieni, na kama kwenu utafiti unataka kibali, chukueni kwanza.