Ile barua iliyokaa Molo

Mwanangu,

Umeuliza kitu kidogo tu, ati hizi koporeti aksheni, yaani hatua za kampuni zinazogusa hisa zako, za lazima na za hiari zinatofautiana aje, na kwa nini bosi wenu hapo kastodi, mnapotunza hisa za wateja, anakimbizana na dedlaini kama mtu anayefukuzwa na ng'ombe. Ungetafuta kwenye simu ungepata jibu haraka kuliko kuniuliza mimi niliyestaafu na vitabu vya hesabu vya shule, lakini maadam umeuliza nitakujibu, na najua nitapotea njiani, unanijua.

Za lazima zinakupata hata ukiwa umelala. Kampuni ikiamua na wenye hisa wakipitisha, imepita. Benki ya Equity walipogawanya hisa 2009, moja ikawa kumi na bei nayo ikagawanywa kwa kumi, hakuna aliyeulizwa anataka ama hataki, na hapa mtaani kuna watu waliona bei kwenye gazeti wakadhani wameibiwa. Benki ya Co-op nao 2017 walitoa bonasi, hisa moja kwa kila tano, ukaamka ukazikuta kwenye akaunti ya CDS, ile inayohifadhi hisa zako. Dividendi, yaani fungu lako la faida, pia ni hivyo hivyo, wanakukata ushuru wa asilimia 5 halafu wanakutumia kilichobaki. Hapo kitu cha kuchunga ni siku ya kufunga rejista, siku wanaangalia ni nani mwenye hisa, maanake soko letu linachukua siku tatu za kazi kumaliza biashara hisa ziwe zako. Rejista ikifungwa Ijumaa na wewe umenunua Jumanne, uko sawa. Ukinunua Jumatano umechelewa, dividendi ni ya aliyekuuzia, na usije ukalia kwa broka.

Za hiari ni zile wanakuuliza. Wanakuandikia wanasema tuna mpango huu, unaingia ama huingii, jibu kabla ya tarehe fulani. Sasa hapo ndipo mimi huwa nasema, na umenisikia nikisema tangu ukiwa shule ya msingi: ukimiliki kitu soma barua zake. Hisa haina mlango wa kubisha, haina ng'ombe wa kulia usiku ukisahau kumlisha. Inaongea kwa barua tu.

Unajua hii inaelekea wapi. Ndiyo, ni mambo ya mjomba wako.

2006 KenGen, ile kampuni ya kuzalisha umeme, walipouza hisa kwa umma, shilingi 11.90 kila moja, baba yako alisema angalau hii ni kampuni tunaiona ikifuka mvuke pale Olkaria kila tukipita Naivasha, si hewa. Tukajaza fomu. Wakati huo tulikuwa tunahamahama na kazi yake, kwa hivyo kwenye anwani akaweka sanduku la posta la mjomba wako kule Molo, na ilikuwa sawa kabisa, miaka yote ile cheki za dividendi zilifika, mjomba alizileta mwenyewe na matatu pamoja na viazi. Sitaki uje useme mama hana shukrani.

Halafu ikaja 2016. KenGen wakatoa toleo la haki, kila hisa moja uliyo nayo unapewa haki ya kununua mbili mpya kwa 6.55. Mbili kwa moja, mwanangu, hiyo si kidogo. Fikiria ulikuwa na kipande chako cha kampuni, wengine wote wakanunua na wewe ukanyamaza, kipande chako kinabaki thuluthi ya vile kilikuwa. Hisa zako bado ni zile zile kwa idadi, hakuna aliyekunyang'anya hata moja, lakini meza imepanuliwa na kiti chako ni kile kile. Serikali ndiyo ilikuwa na asilimia 70, nayo ilichukua fungu lake kwa kugeuza deni iliyokuwa inadai kampuni kuwa hisa. Sisi wadogo ilikuwa tutoe pesa mfukoni, ama tuuze hizo haki sokoni zikiwa bado zinauzwa, ama tuache zife. Njia tatu. Na bei ya soko lazima ingeshuka baadaye, hiyo ni hesabu tu: tuseme hisa iko kwa 8, ongeza mbili za 6.55, jumla 21.10, gawanya kwa tatu unapata kama 7.03. Kwa hivyo aliyekaa kimya anashukiwa na bei na hana hisa mpya za kumfidia. Ndiyo maana ile haki yenyewe ilikuwa na thamani hata kama huna nia ya kununua.

Barua ilifika Molo. Mimi sikuiona mpaka ile ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yako, tena miezi ilikuwa imepita, nikiwa natafuta kalamu kwenye droo ya pale sebuleni kwa mjomba. Bahasha ya kaki yenye dirisha, jina la baba yako likichungulia, imefunguliwa vizuri kabisa kwa kisu. Nyuma yake mjomba alikuwa amepiga hesabu za viazi, magunia mangapi, lori ni pesa ngapi, nambari ya simu ya dereva, na hesabu zenyewe zilikuwa sahihi, hata nilizipitia nikiwa nimesimama pale, tabia ya kazi. Ndani fomu iko safi, haijaguswa. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kitambo.

Nikamuuliza. Akasema, bila wasiwasi wowote, "Niliona wanataka pesa zaidi, nikaona nisiwasumbue."

Nisiwasumbue! Nilienda nikakaa na akina mama jikoni nikamenya vitunguu ambavyo hakuna aliyenituma.

Sasa uniambie ukweli, mwanangu, kwa sababu mimi nabishana na hii kitu mpaka leo. 2023 hisa ya KenGen ilishuka ikafika karibu shilingi mbili. Shilingi mbili, kitu ambacho wengine walilipa 6.55! Na mjomba wako, ambaye hasomi kurasa za biashara hata siku moja, siku hiyo alisoma. Akapiga simu anacheka, ati "dada, mimi ndiye niliwaokolea pesa, nitumieni asante." Baba yako naye akacheka, spika ikiwa on, nikawaangalia tu.

Na ana pointi, hilo siwezi kukataa. Tungelipa tungekaa miaka mingi tukiangalia pesa ikiyeyuka. Ile pesa mwaka huo ilienda kwa karo yako, na umesoma umemaliza, si ndiyo uko huko kastodi. Tena toleo lenyewe halikuchukuliwa lote, karibu asilimia 8 ilibaki, kwa hivyo najua si sisi peke yetu tulionyamaza. Lakini pia hisa ilipanda tena baadaye, kwa hivyo akinipigia ya shilingi mbili na mimi nampigia ya siku hiyo, hatumalizi. Na hata hivyo si hiyo. Mimi silii bei. Pengine ningeisoma ile barua nikasema hapana, nauza haki, nachukua hicho kidogo. Pengine ningesema wacha ife. Lakini ningekuwa mimi nimesema. Yeye alifungua barua yenye jina la mtu mwingine, akaisoma, akaamua, halafu akageuza upande wa pili akapiga hesabu ya viazi. Sijui ni makosa ama ni upendo. Ninajua ninavyofikiria lakini sitasema, ni kaka yangu.

Kwa hivyo bosi wako mwache akimbizane. Tarehe yenu ya ndani lazima itangulie ile ya soko, maanake nyinyi mnahitaji muda wa kukusanya majibu ya wateja wote na kuyapeleka, mtu hawezi kukujibu saa kumi na moja jioni siku ya mwisho. Kila aksheni ya hiari ina jibu la asiyejibu, yaani kitakachompata akinyamaza, uliza ni lipi kabla hujauliza kitu kingine. Kwenye haki mara nyingi jibu lake ni kwamba zinakufa, na zilizobaki wanapewa walioomba za ziada. Na ukiona mteja amenyamaza, piga simu. Usiseme ameona. Piga tena.

Halafu nisaidie na kitu kimoja. Anwani kwenye akaunti ya CDS ya baba yako bado ni ile ya Molo, anasema alibadilisha, mimi sijaona karatasi. Waulize broka anatakiwa alete nini, kitambulisho tu ama lazima aende mwenyewe, na uangalie kama dividendi ya mwaka wowote haikufika, maanake zikikaa bila mwenyewe zinapelekwa kwa ile mamlaka ya mali zisizodaiwa na kuzitoa huko ni fomu juu ya fomu. Mjomba atakuwa hapa Nakuru Jumapili, baba yako amemwalika. Mimi nitapika. Ukipiga simu siku hiyo tafadhali usitaje KenGen.

Mama