Roboti inafuta oda za kusubiri lakini moja inabaki: angalia lupu yako kwanza

Mkuu umesema roboti yako ya MT4 (programu ya kununua na kuuza sarafu mtandaoni) inaweka bai stopu 3 juu (oda za kununua zinazosubiri bei ipande) na seli stopu 3 chini (za kuuza zinazosubiri bei ishuke), upande mmoja ukiguswa inatakiwa ifute upande wa pili wote, ila kila mara seli ya katikati inabaki, na mwishoni ukagusia kosa 130. Hilo jambo limenitesa mimi wiki nzima kwahiyo ngoja nikueleze vizuri.

Hiyo ya katikati ndo inakwambia shida iko wapi. Bila shaka lupu yako (sehemu ya kodi, yaani maandishi ya programu, inayopitia oda moja moja) inaanzia sifuri inapanda. Sasa hesabu na mimi, oda ziko 6, bai zimekaa nafasi ya 0, 1 na 2, seli ziko 3, 4 na 5. Lupu ikifika 3 inafuta seli ya kwanza, palepale zile za nyuma zinasogea mbele nafasi moja, yaani seli ya pili imehamia 3 na ya tatu imehamia 4. Lupu haijui hayo, yenyewe inaenda 4, inaikuta seli ya tatu inaifuta, halafu OrdersTotal() (inayohesabu oda zote) sasa inasema zimebaki 4 basi lupu inaishia hapo. Seli ya pili haijaangaliwa kabisa, na kosa lolote halitoki kwenye logi maana kwa upande wa roboti hakuna kilichoshindikana. Dawa ni kuhesabu kurudi nyuma:

for(int i=OrdersTotal()-1; i>=0; i--)

Ukifuta ya mwisho hakuna ya kusogea, basi. Ndani ya lupu kagua simbo (jina la jozi unayofanyia biashara) na majiki namba (namba ya utambulisho wa roboti yako) kabla hujafuta, la sivyo utafuta na oda ulizoweka kwa mkono au za roboti nyingine kwenye akaunti hiyohiyo. Na kumbuka kwa MT4 OrdersTotal() inachanganya zilizofunguka na zinazosubiri, kwahiyo kagua OrderType() pia, 0 na 1 ni bai na sel zilizoingia sokoni tayari, kuanzia 2 mpaka 5 ndo za kusubiri. Ukija kuhamia MT5 hapo pamebadilika, kule OrdersTotal() inahesabu za kusubiri tu, zilizoingia sokoni unazitafuta kwa PositionsTotal().

Mimi hiyo seli ya katikati iliniumiza. Bai zangu ziligonga teki profiti (bei ya kufungia na faida) jioni, nikazima kompyuta nikalala najua kazi imeisha. Asubuhi nafungua simu nakuta sel iko wazi ina hasara kubwa, bei ilishuka usiku ikaigusa ile iliyobaki halafu ikapanda moja kwa moja, na stoplosi (bei ya kufungia ili hasara isizidi) haina! Haina kwasababu kodi yangu ilikuwa inasubiri oda iguswe ndo iweke stoplosi, na roboti imelala kwenye kompyuta iliyozimwa. Hapo ndo nilielewa kitu ambacho nilitakiwa nikijue siku ya kwanza, oda ya kusubiri inakaa kwenye seva ya broka lakini akili ya kuisimamia iko kwenye mashine yako, umeme ukikatika au intaneti ikigoma oda inaendelea kuishi peke yake. Toka siku ile stoplosi na teki profiti naziweka ndani ya OrderSend() yenyewe (amri ya kutuma oda), na naweka muda wa kuisha pia, ukifika seva inaifuta hata kama mimi sipo. Kuna broka wanaukataa huo muda, utaona kosa 147, hapo inabidi ufute mwenyewe kwa kodi.

Kitu kingine usiweke kumbukumbu ya oda kwenye variabo tu, mfano selIpo = true. Platifomu ikizimwa na kuwashwa variabo zinaanza upya wakati oda bado zipo, roboti inaweka seti nyingine juu ya ile ya zamani. Yangu kila tiki (kila bei mpya inapoingia) inahesabu upya oda zilizopo ndo inaamua, kodi inakuwa ndefu kidogo ila nalala.

Kuhusu kosa 130 ulilogusia mwishoni, mara nyingi ni umeweka bei au stoplosi karibu mno na soko. Soma MarketInfo(Symbol(),MODE_STOPLEVEL), yaani umbali mdogo kabisa unaoruhusiwa, kabla ya kutuma, na jibu lake liko kwa pointi, sio pipsi, kwahiyo kwa broka wa desimali 5 pointi 50 ni pipsi 5. Bai stopu pima umbali kutoka Ask (bei ya kununulia), seli stopu kutoka Bid (bei ya kuuzia), wengi wanapima zote kutoka Bid na spredi (tofauti ya Ask na Bid) ikitanuka wanashangaa bai inakataliwa.

Na OrderDelete() (amri ya kufuta oda) inarudisha true au false, usiipuuze. Ikirudisha false chapisha GetLastError() (namba ya kosa) na tiketi (namba ya oda) kwenye logi halafu jaribu tena tiki inayofuata, maana bei ikishaikaribia sana oda seva inaweza ikagoma kuifuta.

Geuza lupu ujaribu kwenye demo (akaunti ya majaribio) na hizohizo oda 6. Kama bado inabaki weka hapa mistari yote ya fankshoni ya kufuta pamoja na namba ya kosa iliyotoka, nitaipitia.