Kibali cha ujenzi wa ghorofa kimerudishwa: nianzie kwa mtaalamu yupi?

Habari za leo, ndugu. Nimeelewa kwamba kiwanja chako kipo Dar es Salaam, unataka kujenga ghorofa nne za kupangisha, na halmashauri imekurudishia maombi ya kibali ingawa fundi aliyekuchorea ramani alikuhakikishia kuwa zimekamilika.

Kabla ya kulipia michoro mipya, soma matumizi yaliyoandikwa kwenye hati yako. Nilipofuatilia jambo kama hili kwa kiwanja cha familia, kikwazo kilikuwa hapo hapo, wala si kwenye ramani. Kama matumizi hayaendani na unachotaka kujenga, tafuta kwanza mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa, akuandalie maombi ya kubadilisha matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Baada ya hapo ndipo umwone mbunifu majengo, pamoja na mhandisi wa michoro ya nguzo na mihimili, kwa sababu ghorofa nne haziwezi kusimama kwa makadirio ya fundi.

Kila mmoja muombe namba yake ya usajili, uihakiki kwenye bodi yake, nami nakusihi usitoe malipo ya awali kabla ya hapo. Barua ya halmashauri ilitaja sababu gani hasa?